Mtoto asiyetaka ndoa: kuwafahamu wasio na hisia za mahaba, na wajibu wa familia

 

Swali la aina hii limekuwa likitufikia kwa njia mbalimbali. Mama mmoja anasema binti yake ametimiza miaka 28, ana kazi yake, anasali, hana mchumba wala hamtaki mtu. Posa tatu zimekuja na zote amezikataa, na akiulizwa sababu anajibu kwamba hajapata kumpenda mtu kimahaba na haoni kama atampenda. Baba mwengine ana kijana aliyesoma neno kwenye simu, akaja kumwambia kuwa yeye ni "aromantiki". Baba akaliona neno hilo limeorodheshwa pamoja na LGBTQ, akahamaki, na nyumba haina amani tangu siku hiyo.

Makala hii tumeiandika kwa ajili ya wazazi hawa na watoto wao. Tutaeleza maana ya maneno haya, tutatazama wanavyuoni wetu wamesema nini kuhusu mtu asiye na haja ya ndoa, kisha tutataja pa kupata msaada. Tunawaomba wasomaji waisome hadi mwisho kabla ya kuchukua hatua yoyote nyumbani.

Maana ya maneno

Ndani ya mtu hisia ni nyingi, na sisi kwa mazoea huzikusanya zote katika neno moja, mapenzi. Kuna mapenzi ya mama kwa mwanawe, na ya ndugu kwa ndugu, na ya rafiki. Kuna matamanio ya mwili, yanayoelekea kwenye jimai. Na kuna mahaba, yaani ule moyo wa kumganda mtu mmoja, kumuota, kutaka awe wako nawe uwe wake.

Aromantiki ni mtu ambaye hisia hii ya mwisho, ya mahaba, hanayo au anayo kwa nadra sana. Huenda akawapenda wazazi wake mno, akawa rafiki mwema, akawalea watoto wa ndugu zake kwa huruma. Mahaba tu ndiyo hayamjii.

Aseksuali ni mtu ambaye havutiwi kimwili na mtu yeyote, mwanamume wala mwanamke. Hawa wawili si kitu kimoja. Yupo aliye na hali zote mbili. Yupo asiye na matamanio ya mwili lakini anatamani mwenza wa kumpenda. Na yupo mwenye matamanio ya kawaida lakini hajui mahaba ni nini. Kati ya hapo kuna daraja nyingi, kama ilivyo kwa maumbile yote ya watu.

Maneno haya ni mapya, ila hali yenyewe ni ya zamani. Mwaka 2001 kijana wa Kimarekani, David Jay, alianzisha tovuti ya AVEN ya kuwakutanisha watu wa hali hii, na neno aromantiki likaenea kutokana na mazungumzo ya watu wa aina hiyo mitandaoni. Mwaka 2004 mtaalamu wa Canada, Anthony Bogaert, alichapa utafiti uliotumia majibu ya watu zaidi ya 18,000 wa Uingereza. Kiasi cha mmoja katika kila mia alijibu kuwa hajapata kuvutiwa kimwili na mtu yeyote. Kwa hiyo mzazi asidhani kuwa ni wake peke yake.

Na Qur'ani imekwishawataja watu wasio na haja ya wanawake. Katika Sura An-Nur, aya ya 31, pale yanapotajwa mapambo ya mwanamke na nani aruhusiwe kuyaona, wametajwa pia wanaume wanaofuata nyumba za watu ambao hawana haja hiyo. Hawakutajwa kwa kulaumiwa. Wametajwa kama watu wanaojulikana wapo, na hukumu yao ikaelezwa.

Je, ni ugonjwa?

Kukosa mahaba peke yake si ugonjwa. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka mwaka 2013 umeeleza kuwa mtu anayejitambua kuwa ni aseksuali asipewe jina la mgonjwa kwa sababu hiyo tu. Akiwa ametulia, anakula, analala, anafanya kazi na ibada zake, basi hakuna cha kutibu.

Hata hivyo, tunawatahadharisha wazazi wasiharakishe kutoa jina, wala watoto wasiharakishe kujipa. Si kila anayekataa posa ni aromantiki. Kuna anayekataa kwa sababu ya gharama na mahari. Kuna anayetaka kumaliza masomo kwanza, na kuna aliyeona ndoa ya wazazi wake ikamtisha. Kuna mwenye huzuni ya muda mrefu, hana hamu ya chochote, chakula wala marafiki. Huyu anahitaji daktari. Mabadiliko ya homoni na baadhi ya dawa pia hupunguza matamanio. Na kuna aliyewahi kudhalilishwa utotoni na hakumwambia mtu. Huyu asipigiwe kelele. Aulizwe kwa upole, na asikilizwe.

Dalili ya kutofautisha ni hii: je, hali imekuwa hivyo tangu alipobaleghe, naye ametulia nayo? Au kuna siku ilipobadilika, na tangu hapo mtoto hana raha? La kwanza ni maumbile. La pili linataka uchunguzi.

Hukumu ya ndoa kwa asiye na haja nayo

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tumezoea kusema ndoa ni faradhi kwa kila mtu. Wanavyuoni hawakusema hivyo. Wamesema hukumu ya ndoa hubadilika kwa kadiri ya hali ya mtu: huwa wajibu, huwa sunna, huwa mubaha, huwa makuruhi, na huenda ikawa haramu kwa yule anayejua atamdhulumu mwenzake.

Tuchukue kitabu cha madhehebu yetu ya Kishafii, Minhaj At-Talibin cha Imam An-Nawawi. Humo hukumu imejengwa juu ya mambo mawili: haja na uwezo. Mwenye haja ya ndoa na uwezo wa mahari na matumizi, kwake ni sunna. Mwenye haja bila uwezo, bora angoje, na ajisaidie kwa kufunga. Asiye na haja wala uwezo, ndoa kwake ni makuruhi. Na asiye na haja lakini ana uwezo, kwake si makuruhi, ila kushughulika na ibada ni bora. Imam An-Nawawi ameongeza kuwa kama hashughuliki na ibada, basi kwa kauli yenye nguvu zaidi kuoa ni bora kwake. Hakusema ni wajibu. Wanavyuoni wa madhehebu wamemzungumza mwanamke pia, na jambo walilolitazama ni lile lile: ana haja au hana?

Imam An-Nawawi mwenyewe alifariki mwaka 676 Hijria, akiwa na umri wa kiasi cha miaka 45, na hakuoa maisha yake yote. Hakuoa pia Imam At-Tabari, mwenye tafsiri mashuhuri, aliyefariki mwaka 310 Hijria. Ibn Taymiyya naye hakuoa. Sheikh Abdul-Fattah Abu Ghudda wa Syria aliwakusanya wanavyuoni wa namna hii katika kitabu kizima. Hatusemi kuwa walikuwa aromantiki. La, siri za nyoyo zao anazijua Mola wao, na wengi wametajwa kuwa waliitanguliza elimu. Tunachosema ni kwamba wanavyuoni hawa wameendelea kuheshimiwa katika dini ingawa hawakuoa.

Atauliza muulizaji: vipi ile hadithi ya watu watatu waliokuja nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), mmoja wao akasema hataoa, naye Mtume akawaambia kuwa anayeipa mgongo sunna yake si katika yeye? Hadithi hiyo ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim. Lakini tuitazame ilikuja kwa nani. Ilikuja kwa watu waliotaka kujiharamishia walichohalalishiwa, wakidhani kuwa huko ni kumzidi Mtume kwa ucha Mungu. Waliosherehesha, akiwemo Ibn Hajar, wamefafanua kuwa anayelaumiwa ni anayeipa mgongo sunna kwa kuidharau au kwa kuchupa mipaka. Binti anayesema, "Ndoa ni jambo jema, naiheshimu, ila mimi moyo wangu hauna haja nayo," hakuidharau sunna.

Kumlazimisha

Katika Sahih Al-Bukhari kimo kisa cha Barira, mjakazi aliyeachwa huru. Alipokuwa huru alipewa hiari ya kubaki na mumewe Mughith au kuachana naye, akachagua kuachana. Mughith alikuwa akimpenda sana, akimfuata katika njia za Madina huku machozi yakimtiririka mpaka kwenye ndevu. Mtume (S.A.W.) akamwonea huruma, akamwomba Barira amrudie. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Mtume akamjibu kuwa yeye anaombea tu. Barira akasema hana haja naye, na mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyemkaripia. Ikiwa mwombezi ni Mtume wa Mwenyezi Mungu na mwanamke ana haki ya kusema sina haja, basi shangazi na ami ni nani wa kumnyima binti haki hiyo?

Imo pia katika Sunan Abu Dawud hadithi ya msichana aliyekuja kushitaki kuwa baba yake amemuoza naye hataki. Mtume (S.A.W.) akampa hiari. Ni kweli kwamba vitabu vyetu vya Kishafii vinamtaja walii mujbir, yaani baba au babu mwenye mamlaka ya kumuoza mwanamwali. Lakini wanaoitaja mamlaka hiyo wameifunga kwa masharti, miongoni mwake kuwa mume awe kufu yake na pasiwe na uadui baina ya baba na binti. Na hata hapo kumtaka idhini ni sunna. Baba atakayemuoza binti akijua hataki, kwa hofu ya maneno ya barazani, ajiulize atamjibu nini Mola wake.

Na madhara yenyewe tunayaona. Kijana anaozwa kwa nguvu, mwaka haujatimia talaka, na mke aliyeletwa ndiye anayebeba aibu na machungu ya kukaa na mtu asiyemtazama. Tumedhulumu wawili kwa mara moja. Katika Ngazidja, ambako mwanamume huhesabiwa mtu mzima mbele ya jamii kwa kutimiza ndoa kubwa, mzigo huu ni mzito zaidi. Hata kwetu Unguja na Pemba, hakuna shughuli anayokwenda msichana wa miaka 30 asiulizwe, "Yako lini?" Wengi wao wamekwishaacha kwenda harusini.

Akiamua mwenyewe kuoa au kuolewa

Baadhi ya watu wa hali hii huchagua ndoa kwa hiari yao. Wanataka watoto, au mwenza wa kuzeeka naye, au kukamilisha dini yao. Jambo hili linajuzu. Nguzo za ndoa ni mume, mke, walii, mashahidi wawili na matamko ya ndoa. Mahaba hayamo katika nguzo. Na Qur'ani, Sura Ar-Rum aya ya 21, imeijenga nyumba juu ya upendo na huruma, na huruma ni jambo ambalo mtu asiye na mahaba anaweza kulitoa kwa wingi.

Lakini kuna sharti moja la kiungwana: asimfiche mwenzake. Fatima binti Qais alipopata wachumba alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) kutaka ushauri, naye Mtume akamweleza bila kificho mambo ya wachumba hao yatakayomgusa ndani ya nyumba. Hadithi imo katika Muslim. Kwa hiyo anayejua kuwa hana mahaba, au hana haja ya jimai, amwambie mchumba wake kabla ya akdi, kwa maneno ya staha, wao wawili au kupitia kwa mtu wa kuaminika kama somo au kungwi. Mchumba akiridhika, wana haki ya kupatana. Bibi Sauda binti Zam'a alimwachia Bibi Aisha zamu yake kwa hiari, akabaki katika ndoa yake kwa heshima. Haki ya mtu ni yake, na mwenyewe akitaka huiachia. Asichoweza ni kuiachia haki ya mwenzake ambaye hakuambiwa.

Herufi nyingine

Neno aromantiki huwekwa pamoja na LGBTQ, herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza. Mzazi anahitaji kujua zinamaanisha nini, kwani mtoto wake anazisikia kila siku. Mbili za kwanza ni wanawake wanaovutiwa na wanawake, na wanaume wanaovutiwa na wanaume. Ya tatu ni anayevutiwa na wote wawili. Ya nne ni mtu ambaye nafsi yake inajiona ni ya jinsia nyingine kuliko ile aliyohesabiwa alipozaliwa. Ya tano ni neno la jumla kwa wasiofuata mazoea ya wengi. Aromantiki na aseksuali huongezwa baadaye, kwa herufi A, kwa kuwa nao wanatofautiana na wengi. Kuwekwa katika orodha moja hakumaanishi kuwa hali ni moja.

Huntha ni jambo jingine kabisa. Huyu ni aliyezaliwa na maumbile ya mwili yasiyo wazi kuwa ni ya kiume au ya kike, na fiqhi yetu imemwekea milango yake katika sala, mirathi na ndoa tangu karne za mwanzo. Mzazi wa mtoto wa hivi aende hospitali mapema, asimfiche ndani.

Kuhusu mapenzi ya jinsia moja, kauli ya madhehebu yote manne ni kuwa kitendo ni haramu. Wapo waandishi wachache wa zama hizi, kama Scott Siraj al-Haqq Kugle katika kitabu chake cha mwaka 2010, waliosoma dalili kwa namna nyingine. Wanavyuoni walio wengi hawakuikubali. Lakini wanavyuoni hao hao wametenganisha hisia na kitendo. Hadithi imo katika Bukhari na Muslim kwamba umma huu umesamehewa yale yanayopita katika nafsi madamu hayakusemwa wala kutendwa. Na Imam An-Nawawi, akisherehesha Sahih Muslim, amemtenga mwanamume aliyezaliwa na mwendo na sauti laini na yule anayejitia hivyo kwa makusudi. Wa kwanza, akasema, hana lawama wala dhambi, kwa kuwa hakujifanya. Basi mzazi anayempiga mwanawe wa miaka 10 kwa sababu ya mwendo wake anampiga kwa jambo ambalo Imam amelifutia lawama.

Na tuwe wakweli kuhusu tiba pia. Shirika la Afya Duniani liliyaondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha ya maradhi mwaka 1990. Ripoti ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani ya mwaka 2009 haikupata ushahidi wa kutosha kuwa juhudi za kumbadilisha mtu mvuto wake zinafanikiwa, na ilionya kuwa zinaweza kumdhuru. Kumwombea mtoto dua ni ibada. Kumfunga kamba, kumfukiza mpaka akazimia au kumchapa kwa jina la kumtoa shetani ni dhulma, na mganga anayepokea fedha kwa ajili hiyo anakula haramu.

Heshima, sitara na damu

Visiwani kwetu watu wanajuana. Neno moja likitamkwa kwenye kahawa asubuhi, jioni limefika ng'ambo ya pili. Kijana asiyeoa huitwa hanithi, na msichana asiyeolewa huulizwa na shoga zake mambo ambayo mtu haulizwi. Tukumbushane kuwa kumtuhumu Muislamu mambo ya zinaa bila ya mashahidi wanne ni katika madhambi makubwa, na Sura An-Nur, aya ya 4, imemwekea msemaji adhabu ya fimbo 80. Wanavyuoni wa Kishafii wameiingiza humo tuhuma ya liwati pia. Sura Al-Hujurat, aya ya 11 na 12, imekataza kuitana majina mabaya, kudhania na kupekuana. Kuichukua simu ya kijana na kusambaza yaliyomo kunaingia katika yote matatu.

Na hata mtu akiwa ametenda, mwendo wa Mtume (S.A.W.) ulikuwa sitara. Hazzal, aliyemsukuma Maiz kwenda kukiri, aliambiwa na Mtume kuwa lau angelimfunika kwa nguo yake ingelikuwa bora kwake. Imo pia katika Sunan Abu Dawud kwamba aliletwa mwanamume aliyejifananisha na wanawake, na maswahaba wakauliza kama wamuue. Mtume (S.A.W.) akakataa, akasema amekatazwa kuua wenye kusali.

Tunalitaja hili kwa sababu damu imekwishamwagika. Februari 2025, Afrika Kusini, Imam Muhsin Hendricks, aliyekuwa akijulikana kwa kuwatetea Waislamu wa jinsia moja, aliuawa kwa risasi akiwa garini karibu na Gqeberha. Baraza la wanavyuoni la huko, Muslim Judicial Council, lilikuwa limempinga kwa miaka mingi. Hata hivyo lilitoka hadharani kuyalaani mauaji hayo na fujo zote dhidi ya watu hawa. Huo ndio mwendo wa elimu. Kutokukubaliana na mtu hakumhalalishii yeyote damu yake.

Kumfukuza mtoto nyumbani ni mlango wa balaa hilo hilo. Anayefukuzwa usiku hana pa kulala, na wanaompokea si wote wema. Ulezi haukufungwa kwa sharti la kuwa mtoto afanane na tulivyomtarajia.

Pa kukimbilia

Kwanza, ndani ya nyumba. Mtoto akikueleza, mshukuru kwa kukuamini, muulize maswali machache, na usimtangazie mtu mwengine bila ruhusa yake, hata bibi yake. Jibu la siku ya kwanza ndilo analolikumbuka miaka yote.

Pili, mtu mmoja wa amana. Awe mama mdogo, mjomba au kaka mkubwa ambaye mtoto amemchagua mwenyewe. Mtu mmoja anayejua na anayenyamaza anatosha kuanzia.

Tatu, wanavyuoni. Palipo na mgogoro wa posa au ndoa ya kulazimishwa, milango ni Mahakama ya Kadhi, na kwa Zanzibar pia Ofisi ya Mufti, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001. Mchagueni sheikh anayejulikana kwa kutunza siri.

Nne, wataalamu wa afya. Mtoto mwenye huzuni nyingi, asiyelala, au anayetaja kifo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Unguja ipo Mnazi Mmoja, na ipo hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu. Kwenda huko si wazimu wala aibu. Mwenye kudhalilishwa aende kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako matibabu na polisi hupatikana pamoja. Mtoto yeyote anaweza kupiga 116, simu ya msaada kwa watoto, Tanzania na Kenya.

Tano, mitandaoni. Wengi hupata faraja kwa kusoma habari za wenzao katika AVEN au AUREA, jumuiya ya wasio na mahaba iliyoanza mwaka 2019. Tunawausia vijana wasitoe majina yao, picha wala mahali wanapoishi, na wasikubali kukutana na mtu wasiyemjua. Sheria za nchi zetu zinaadhibu vitendo vya jinsia moja, na wapo matapeli wanaowatega vijana kisha wakawadai fedha. Anayetishwa hivyo asilipe na asinyamaze. Amwambie mtu mzima anayemwamini.

Sita, kwa jamaa zetu walioko ughaibuni. Uingereza ipo jumuiya ya Imaan, na Marekani ipo Muslims for Progressive Values. Tunazitaja ili mzazi ajue mwanawe anazungumza na nani. Msimamo wao katika hukumu si huu wa madhehebu manne tulioueleza. Lakini mtoto hukimbilia kwa wageni pale anapokuta mlango wa kwao umefungwa.

Jibu letu kwa wazazi waliouliza

Kwa mama wa binti wa miaka 28 tunasema: binti yako hana dhambi kwa kukosa mahaba, wala kwa kukataa posa. Mwache, mwombee kheri, na mwambie ndugu zako waache kumuuliza. Akija siku moja na habari nyingine, mfurahie. Asipokuja nayo, mfurahie vile vile. Mfundisheni kusimamia mali yake na kuandika wasia wake, na wajukuu wa nyumba wazoeshwe kumtazama, ili uzee wake usiwe wa upweke.

Kwa baba wa kijana tunasema: neno alilolisoma mwanao lisikutishe. Mketi mkalizungumze baada ya Isha, simu zikiwa mbali. Muulize analielewa vipi, nawe msomee aliyoyasema Imam An-Nawawi. Huenda mkakuta kuwa mtoto na Imam wanasema jambo lililo karibu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.